Daftari la babu, insha ya mjukuu

Mama mmoja alitufikia ofisini baada ya sala ya Adhuhuri, mkononi ana karatasi tatu alizozitia ndani ya mfuko wa plastiki zisije zikalowa mvua. Hakuja kulalamika wala kuleta tangazo. Alitaka tumsomee. Mwanawe wa pili anasoma sheria mwaka wa tatu katika chuo kimojawapo cha hapa Dar es Salaam, naye alikuwa amekusudia kuingia katika shindano la uandishi wa insha juu ya hakimiliki. Mshindi angepata kompyuta mpakato, fedha za kutosha ada ya muhula mmoja, na insha yake ingechapishwa. Karatasi zile tatu zilikuwa masharti ya shindano.

"Mwanangu ameshatia sahihi," alisema, "lakini mimi nimelelewa na marehemu baba yangu, na kwake karatasi ya sahihi husomwa mara mbili. Na Kiingereza cha humu kinanishinda."

Tukasoma pamoja. Ukurasa wa kwanza ulitaja urefu wa insha, tarehe ya mwisho, na sharti kwamba mwandishi asiandike ndani ya insha jina lake wala neno lolote la kumtambulisha, ili waamuzi wasome bila kumjua. Ukurasa wa pili ulihusu tanbihi. Katika ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo kuliko za vifungu vingine, tulikuta maneno haya kwa maana yake: insha zote zitakazopokelewa, zilizoshinda na zisizoshinda, zitakuwa mali ya waandaaji pamoja na haki zake zote, popote duniani, kwa muda wote wa uhai wa haki hizo. Tukanyamaza kidogo. Shindano la kuwafundisha vijana kulinda kazi zao lilikuwa linaanza kwa kuzichukua kazi hizo.

Hatutalitaja shindano lenyewe, na msomaji ataona huko mbele kwa nini waandaaji wake hawastahili kuaibishwa. Tunaandika makala haya kwa kuwa mialiko ya namna hii huwafikia watoto wetu kupitia simu na mbao za matangazo vyuoni, na sisi wazazi aghalabu hutupa macho kwenye zawadi tu.

Kwanza, mashindano haya yametoka wapi? Mojawapo ya yale yanayojulikana zaidi lilianzishwa Marekani mwaka 1938, kwa kumkumbuka wakili aliyeitwa Nathan Burkan. Burkan alizaliwa Romania, akaletwa New York akiwa mtoto, akasomea sheria huko, na akawa mtetezi wa watunzi na waigizaji. Charlie Chaplin alikuwa miongoni mwa wateja wake. Mwaka 1914 alikuwa mmoja wa walioasisi ASCAP, jumuiya ya watunzi, waandishi na wachapishaji wa muziki ya Marekani, naye akawa mwanasheria wake wa kwanza.

Kesi iliyomtia katika historia ilihusu mgahawa. Mtunzi Victor Herbert aligundua kwamba wimbo wake ulikuwa ukiimbwa na waimbaji wa kulipwa katika mgahawa wa Shanley, New York, wakati wateja wakila. Hakuombwa ruhusa, hakulipwa kitu. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 ilimpa mtunzi haki juu ya kazi yake inapoimbwa hadharani kwa faida. Mgahawa ukajibu kwa hoja iliyoonekana kuwa na nguvu: sisi tunauza chakula, mlangoni hatutozi kiingilio, wimbo ni wa bure. Mahakama mbili za chini zilikubaliana na mgahawa. Burkan hakukata tamaa, shauri likafika Mahakama ya Juu, na Januari 1917 Jaji Oliver Wendell Holmes akatoa hukumu fupi mno kwa niaba ya wenzake wote. Alisema, kwa maneno yetu sisi, kwamba mteja halipii chakula peke yake bali hulipia na ule utulivu na uzuri wa mahali, ambao muziki ni sehemu yake. Na lau muziki usingeleta faida, mgahawa ungeuacha. Mtunzi akashinda.

Hoja ya mgahawa wa Shanley haijafa. Ukimwuliza kinyozi wa Kariakoo au utingo wa basi la mkoani, atakujibu yale yale: mimi nakata nywele, mimi nauza tiketi, sauti hii ni ya kuchangamsha tu.

Burkan alifariki mwaka 1936. Wenzake wangeweza kutundika picha yake ukutani wakaridhika. Badala yake waliwaita wanafunzi wa sheria waandike, kila mwaka, juu ya jambo lolote la hakimiliki lililowakera au lililowashinda walimu wao. Walioandika vizuri walituzwa katika vyuo vyao, kisha insha zao zikashindanishwa kitaifa, na kwa miaka mingi zilizokuwa bora zilikusanywa katika vitabu vilivyotolewa na Columbia University Press. Hilo la mwisho ndilo tunaloliona kuwa zito. Fedha za zawadi huisha kabla ya muhula kwisha, lakini hoja iliyochapishwa hukaa katika maktaba, na wakili mwenye kesi ngumu huweza kuikuta miaka thelathini baadaye ikimngoja.

Wengine wamefuata njia hiyo. INTA, jumuiya ya kimataifa ya alama za biashara, ina tuzo ya insha ambayo wanafunzi wana fungu lao. ATRIP, jumuiya ya walimu na watafiti wa miliki ubunifu iliyoanzishwa mwaka 1981, imekuwa na shindano la watafiti vijana. Kijana wa Morogoro au wa Unguja anayeweza kuandika haombi visa ili ashiriki katika mengi ya mashindano haya. Anahitaji maktaba, intaneti, na jambo la kusema.

Na hilo la kuwa na jambo la kusema ndilo lililotufanya tumwulize yule mama mwanawe anaandika juu ya nini. Akacheka kidogo, akavuta kiti, na hapo ndipo karatasi tatu zilipogeuka kuwa habari ya ukoo mzima.

Babu wa kijana, mzaa baba, alikuwa mwalimu wa madrasa huko Tanga. Tangu miaka ya sitini hadi alipofariki mwaka 1994 alitunga kaswida: za Maulidi, za harusi, za kuwaaga mahujaji, za kuwafundisha watoto tarehe za Mtume, rehema na amani zimshukie. Alizitunga kwa Kiswahili na kuziandika kwa herufi za Kiarabu katika daftari la jalada jeusi, na chini ya kila moja alitia tarehe kwa hati ndogo. Alizifundisha kwa mdomo. Wanafunzi wake wakaenda Pangani, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, na kaswida zikaenda nao. Baadaye zikaingia katika kanda, kisha katika santuri za kompyuta, na siku hizi hujazwa katika simu kwa bei ya soda. Juu ya majalada hayo kuna jina la kikundi, jina la studio na namba ya simu ya muuzaji. Jina la mtunzi halimo katika hata moja waliyoiona nyumbani.

Ramadhani iliyopita kijana alikuwa ndani ya basi akitoka Tanga, na kaswida ya babu yake ikawekwa. Alimwuliza jirani yake kama anamjua aliyeitunga. Yule mtu akamjibu kwa upole, kama amjibuye mtoto: "Hizi ni za kale, hazina mwenyewe."

Kijana aliporudi nyumbani na kusema anataka kuandika insha juu ya kaswida hizo, nyumba iligawanyika. Ami yake, mkubwa wa baba yake, alikataa kabisa. Mzee, alisema, alitunga kwa ajili ya Allah. Hakupokea shilingi kwa kaswida hata moja. Kila mtoto anayeziimba anamwongezea thawabu kaburini, na sasa wewe unataka kuzifungia kwa sheria za kizungu? Bibi, mjane wa mtunzi, ambaye hasikii vizuri na watu walidhani hafuatilii, akasema kutoka kwenye mkeka wake: "Mimi sitaki fedha. Nataka jina lake."

Tunakiri kwamba tuliposikia maneno hayo tulishangaa, kwa kuwa bibi, bila kusoma darasa lolote la sheria, alikuwa ameigawa hakimiliki mahali pale pale inapogawanywa na wanasheria. Mtunzi ana haki za aina mbili. Kuna haki za kiuchumi, yaani kunakili, kuuza, kutangaza, kuimba hadharani kwa malipo. Hizi huweza kuuzwa, kukodishwa au kutolewa bure. Na kuna haki za kimaadili: kutajwa kuwa ndiye aliyetunga, na kuikinga kazi isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ni mwanachama wake tangu mwaka 1994 na Kenya tangu 1993, unasema kwamba haki hizi za pili hubaki kwa mtunzi hata akishazitoa zile za kwanza. Kwa hiyo ami yuko sahihi kwamba mzee alisamehe fedha. Lakini mtu anaweza kusamehe fedha bila kusamehe jina, na hakuna aliyemsikia mzee akisema jina lake liondolewe.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1999. Zanzibar ina yake ya mwaka 2003. Ile ya Bara humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hesabu hiyo, kaswida za mtu aliyefariki 1994 zina mwenyewe hadi mwaka 2044, na yule jirani wa kwenye basi alikosea. Haihitajiki kuandikisha popote ili haki izaliwe. Huzaliwa kazi inapotungwa. Kinachohitajika siku ya ubishi ni ushahidi, na hapa ndipo daftari lenye tarehe lilipo bora kuliko mashahidi kumi wanaokumbuka kwa huruma. Ni haki pia tuseme kwamba wasichana wa madrasa walioimba katika kanda zile, na studio iliyowarekodi, nao wana hakishiriki katika sauti na rekodi yao. Haki yao haimfuti mtunzi, na ya mtunzi haiwafuti wao.

Ami aliuliza swali jingine, na hilo hatuwezi kulipita katika kurasa hizi: je, dini yetu inalijua jambo hili, au ni la watu wengine? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, OIC, lililizungumza katika kikao chake cha tano huko Kuwait, Desemba 1988, sawa na Jamadul-Awwal 1409. Liliamua kwamba jina la biashara, alama ya biashara, utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, kwamba katika zama zetu zimekuwa na thamani ya mali inayozingatiwa, na kwamba haifai kuzivamia. Wapo wanazuoni waliokuwa na shaka, hasa kuhusu elimu ya dini na hofu ya kuifungia elimu milango, na shaka hiyo ina heshima yake. Ndiyo shaka ya ami. Insha nzuri haiikimbii.

Kisha likaja jambo ambalo hata mama mwenyewe alilisema kwa sauti ya chini. Mwaka 1994 mirathi ya mzee iligawanywa kama inavyopasa. Iligawanywa nyumba, shamba la minazi, baiskeli na cherehani. Daftari halikutajwa. Lilibaki ndani ya sanduku la bibi kwa sababu hakuna aliyedhani kuwa ni mali. Sasa kama utunzi ni haki yenye thamani, je, kuna fungu la mirathi ambalo halijagawanywa kwa zaidi ya miaka thelathini? Warithi ni wengi, wengine wamekufa na wameacha warithi wao. Nani ana mamlaka ya kuruhusu kikundi kirekodi? Nani wa kukataa? Kijana anajenga hoja kwamba kimya cha mwaka 1994 hakikuiua haki, bali kiliiacha mikononi mwa warithi wote kwa pamoja, na kwamba hatua ya kwanza ni kikao cha familia kabla ya barua kwa studio yoyote. Sisi tunaona hoja hiyo ina nguvu, ingawa tungependa aeleze zaidi itakuwaje warithi wawili wakikubali na wa tatu akiwa hapatikani. Tulimwambia hivyo baadaye, naye akaandika pembeni.

Mambo kama haya hayamo katika vitabu vinavyotoka Ulaya na Marekani, na ndiyo maana tunatamani vijana wetu waandike. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba huko kwao neno kikoi, kwa tahajia ya "kikoy", liandikishwe kuwa alama yake ya biashara. Fikiri: neno lililo midomoni mwa kila nyumba ya pwani, lilindwe kwa ajili ya kampuni moja. Watu wa Kenya na wenzao wa Uingereza wakapinga, na ombi halikufika mwisho wake. Lakini waliopinga walihitaji mtu wa kueleza kwa maandishi kikoi ni nini, kimefumwa wapi na tangu lini kinaitwa hivyo. Tujiulize ni wangapi wameandika kwa kiwango hicho juu ya jina la kanga na methali zake, juu ya nakshi za milango ya Lamu, juu ya dawa za waganga wa miti shamba. Mwanafunzi anayetafuta mada ya shindano hana haja ya kuiga ya watu.

Turudi kwenye kile kifungu chenye herufi ndogo. Insha ni kazi ya kifasihi mbele ya sheria, na hakimiliki yake ni ya aliyeiandika tangu anapoiandika. Waandaaji wanahitaji kitu fulani kutoka kwake, hilo ni kweli: hawawezi kuichapisha bila idhini. Ila kuruhusu na kuhamisha ni vitu viwili. Anayeruhusu hubaki mwenyewe, kama mwenye nyumba aliyepangisha chumba. Anayehamisha ametoa hati ya nyumba. Sheria hutaka uhamisho wa hakimiliki uwe kwa maandishi yenye sahihi, na kwa hiyo yule mama hakukosea hata kidogo kuitilia maanani sahihi ya mwanawe. Kwa kijana huyu uzito ulikuwa maradufu. Insha yake ilikuwa na kurasa mbili za kaswida za babu alizozinakili kutoka daftarini ili azichambue. Kama angetia sahihi kwamba kila kilichomo ni mali ya waandaaji, angekuwa anatoa hata kisicho chake peke yake kutoa.

Mzazi ataona mambo machache katika karatasi za namna hii akizisoma taratibu. Je, haki zinazoombwa ni za insha zilizoshinda tu, au na za wale watakaorudi mikono mitupu? Je, ni ruhusa ya kuchapisha mara moja katika jarida lililotajwa, au ni kila kitu milele? Je, jina la mwandishi litatajwa? Je, mwanafunzi ataweza kuitumia insha yake baadaye katika tasnifu yake? Masharti ambayo hayajibu maswali hayo huulizwa. Kuuliza si utovu wa adabu, na kwa mwanafunzi wa sheria ni sehemu ya somo lenyewe.

Kijana aliandika barua ya mistari sita kwa waandaaji. Tuliisoma kabla haijatumwa. Ilikuwa ya heshima, na haikutishia mtu. Jibu lilikuja siku ya tatu. Mratibu wa shindano alieleza kwa uungwana kwamba kifungu kile hawakukiandika wao. Walikinakili kutoka fomu ya shindano la picha za matangazo, wakakiacha kama kilivyo, na hakuna aliyekuwa amekihoji. Kilibadilishwa. Sasa waandaaji huomba ruhusa tu, ya insha zitakazoshinda tu, na jina la mwandishi hutajwa. Tulicheka, tunakiri, kwa kugundua kwamba hata sharti la shindano la hakimiliki lilikuwa la kunakili.

Lakini nasi tusijione watakatifu. Kitabu cha kwanza cha hakimiliki tulichokisoma wenyewe tukiwa vyuoni kilikuwa kimerudufiwa chote, kutoka jalada hadi jalada, katika kibanda cha fotokopi nje ya lango, na mwenye kibanda alituuliza tu kama tunataka kibanwe kwa plastiki au kwa uzi.

Siku hizi kishawishi kimepata sura nyingine. Kijana huiambia programu ya kompyuta imwandikie insha, nayo humpa kurasa kumi kabla chai haijapoa. Katika shindano la hakimiliki jambo hili lina uchungu wake. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington, katika shauri la mwanasayansi wa kompyuta Stephen Thaler aliyetaka kuandikisha picha iliyotengenezwa na mashine yake, ilishikilia kwamba kwa sheria ya Marekani mtunzi sharti awe binadamu. Mtoto anayetuma maandishi ambayo mashine imeyatunga yote anaweza kujikuta anashindania tuzo ya hakimiliki kwa kazi ambayo haina mwenye hakimiliki. Na waamuzi wazoefu hawadanganyiki kirahisi: insha ya mashine ingesema kaswida ni urithi muhimu wa jamii, ikapita, isingejua kwamba baiskeli iligawanywa na daftari likasahauliwa.

Kijana alikuja mwenyewe kutuamkia, wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho. Insha ilikuwa imekamilika, lakini uso wake haukuwa na furaha. Alikuwa amekwama kwenye ukurasa wa kwanza wa masharti, ule ambao sisi tuliupita bila kuona tatizo. Mwandishi asitie jina lake wala neno la kumtambulisha. Jina la babu ndilo jina lake la ukoo, ndilo analoitwa chuoni. Akimtaja mtunzi wa kaswida, waamuzi watamjua mwandishi wa insha, na insha itaondolewa. Kwa hiyo insha inayodai kwamba mtunzi ana haki ya kutajwa ilikuwa haiwezi kumtaja mtunzi.

Aliwaandikia tena waandaaji. Wakamshauri aandike "mtunzi" mwilini mwa insha, na jina kamili alitie katika karatasi ya pembeni itakayofunguliwa baada ya hukumu. Insha ikichapishwa, jina litarejeshwa kila mahali pake. Tulimwambia kwamba ni njia ya busara. Ami, ambaye siku hizi amepoa na amekubali kukaa kikao cha warithi baada ya mavuno, alisema vivyo hivyo.

Aliyebaki ni bibi. Kijana alipanda basi hadi Tanga kumweleza ana kwa ana, kwa kuwa kwenye simu hasikii. Alimsomea insha yote, akimfasiria kutoka Kiingereza sentensi kwa sentensi, na kila alipofika penye "mtunzi" bibi alimkatiza na kulitaja jina. Alipomaliza alimweleza habari ya karatasi ya pembeni. Bibi akakaa kimya muda mrefu, kisha akauliza: "Kwa hiyo hata ninyi mmemwacha?"

Insha ilitumwa usiku wa Alhamisi. Matokeo bado. Daftari limefungwa ndani ya kanga na kurudishwa sandukuni. Kijana alikuwa ameomba alichukue akalirudufu mjini, akakataliwa, ikabidi apige picha kila ukurasa kwa simu, mlangoni, penye mwanga. Bibi amesema halitatoka tena ndani ya nyumba ile mpaka aletewe karatasi iliyochapwa, na aonyeshwe kwa kidole mahali jina lilipoandikwa.